Simu Zibaki Nje

Mzee Kipketer hakuwa kiziwi. Hivyo ndivyo alivyomwambia kila aliyemuuliza, mradi amuulize kwa sauti ya kutosha. Kwa maoni yake, watu wa siku hizi ndio walioacha kufungua midomo wanapozungumza. Mchungaji ananong'ona, redio inanong'ona, na jogoo wa jirani naye ameingiwa na uvivu. Mkewe, Jerono, alikuwa ameshachoka kubishana naye. Akimtaka, humwita, humwita tena, kisha humrushia gunzi la mahindi mgongoni, na mzee akigeuka humuuliza kwa mshangao wa kweli, "Si ungeniita tu?"

Kilichomvunja kiburi ni safari ya Bungoma. Chelangat, kitinda mimba wao, alikuwa akifundisha watoto wa chekechea mjini Bungoma, na huko akapata mchumba, kijana wa Kibukusu kutoka Matulo aitwaye Makokha, fundi wa stima mwenye adabu zake. Wazee wakaenda Matulo kuonana na wenzao. Kipketer alisalimiwa na mzee Job, ami yake Makokha, asiitikie. Akaulizwa hali ya barabara, akanyamaza. Maombi ya chakula yakiwa katikati, yeye akasema "Amina" kwa sauti kubwa na kuchukua paja la kuku. Walipoondoka, watu wa Matulo walikubaliana kwamba yule mzee wa Kitale ana majivuno ya kupindukia.

Chelangat alizipata habari hizo kwa Makokha, akawaletea wazazi wake, machozi yakimlengalenga. Jerono alitaka wapige simu mara moja waseme ukweli. Kipketer akakataa katakata.

"Wacha waseme naringa," alisema. "Mtu wa kuringa anaozesha msichana wake bila shida. Lakini wakisikia mimi ni wa masikio, wataanza kuuliza ni damu ya nani, na watoto watazaliwa aje."

Hakuwa akijitungia hofu. Nakhumicha, mamake Makokha, alikuwa ameshamuuliza Chelangat kwa upole, walipokuwa wakiosha vyombo, kama kwao kuna kitu chochote cha ukoo. Ni swali la kawaida. Kila mama mwenye kijana huliuliza. Chelangat alijibu hakuna. Na kweli hakukuwa, kwa maana masikio ya Kipketer yaliharibiwa na kinu cha posho alichokiendesha pale sokoni tangu ujana wake, akikaa kutwa nzima ubavuni mwa injini ya dizeli. Lakini nani angekaa kusikiliza maelezo ya injini? Neno kiziwi likishatajwa katika mambo ya ndoa, huwa halirudi mfukoni.

Basi mzee akauza mtamba wake mzuri, akaenda mjini Kitale kwenye duka la miwani la Manisha, akarudi na kifaa kidogo cha rangi ya udongo kinachokaa nyuma ya sikio. Juu yake akavuta marvin, kofia yake ya sufu, mpaka karibu na nyusi. Hakumwambia mtu isipokuwa Jerono. Wageni wa koito, ile siku ya kuja kuposa rasmi, walikuwa wakitarajiwa Jumamosi.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kipketer alizunguka boma lake akishangaa kila kitu. Alisimama mlangoni, akaufungua na kuufunga, kisha akaenda kutafuta grisi. Alisikia mvua ikianza kwenye mabati kabla haijamlowesha. Aligundua pia kwamba mkewe huimba akikamua.

"Umekuwa ukiimba hivyo miaka yote hii?" aliuliza.

"Miaka yote."

"Na hakuna mtu amekwambia?"

Jerono alicheka mpaka akaacha kukamua. Alikuwa amesahau kwamba mume wake ni mtu wa mzaha. Mzaha unataka mtu asikie cha kujibu, na kwa muda mrefu Kipketer alikuwa amekaa katika nyumba hiyo kama mpangaji, akila, akilala, akiangalia midomo ya watu. Sasa alikuwa amerudi, na Jerono, ambaye hakuwa mtu wa kusema mambo hayo, alimpenda upya palepale chini ya tumbo la ng'ombe.

Kesho yake jioni aliinama karibu naye kumpokea ndoo ya maziwa. Kipketer akaruka kama aliyeumwa, ndoo ikapinduka, maziwa yote yakaenda na samadi.

"Una nyuki kifuani?" alipiga kelele akishika sikio.

Jerono akajiangalia. Kifuani hakuwa na nyuki. Alikuwa na simu yake ndogo ya vibonyezo, aliyoitia ndani ya sidiria kama siku zote anapokuwa na kazi ya mikono miwili. Na wakiwa bado wanatazamana, simu ikaanza kulia.

*

Duka la Manisha lilikuwa na wateja siku hiyo, lakini aliwakalisha kwenye kona na kuvuta kiti chake karibu. Alizaliwa papo hapo Kitale, na Kiswahili chake kilikuwa cha papo hapo.

"Mama, leta hiyo simu yako," alisema. Akaipitisha polepole karibu na kichwa cha mzee. Kipketer akakunja uso. Manisha akachukua simu nyingine juu ya meza, akapiga ile ya Jerono. Kabla haijalia, Kipketer alikuwa ameshaling'oa lile dude sikioni.

"Haijaharibika," Manisha alisema. "Ni simu. Simu hata ikinyamaza, huwa inaongea na mnara. Ikiitwa, inaongea zaidi, ndio maana unaskia kabla haijalia. Sasa hii kitu yako inashika yale mawimbi, inafanya ni kelele."

"Na nikiwa nyumbani ni mbaya kuliko hapa," Kipketer alisema.

"Lazima. Hapa mnara uko karibu, simu inaongea polepole tu. Huko kwenu mnara ni mbali. Simu inapaza sauti ndio iskike."

Kipketer akafikiri kidogo, kisha akaangua kicheko kilichowageuza wateja wote. "Kumbe! Kumbe simu nazo zinapigia kelele kiziwi!"

"Kabisa, mzee."

Ilikuwa mara ya kwanza Jerono kulisikia neno hilo kinywani mwa mumewe. Akajitia hamnazo.

Manisha aliwaeleza kwamba kuna vifaa vingine vilivyokingwa vizuri, vinavyoelewana na simu, na kwamba hata simu zenyewe si sawa; zipo zinazosumbua kidogo. Ila kifaa kama hicho lazima kiagizwe Nairobi, na kingefika baada ya wiki kadhaa. Kuhusu bei, hakuitaja kwa mdomo. Aliiandika kwenye kalkuleta na kuwageuzia chini ya meza, kama afanyavyo mwenye duka muungwana asiyetaka mtu aaibike mbele ya wengine. Jerono aliitazama akaona ng'ombe wake wa mwisho akitoka langoni. Kipketer alitazama, akavuta marvin yake chini.

"Na kama simu ziko nje ya nyumba?" aliuliza.

"Hatua chache tu, mzee. Zikiwa nje, huskii kitu."

Walirudi kwa miguu kutoka barabarani, wakifuata kijia kati ya mahindi. Jerono alikuwa akiwahesabu wageni kichwani. Watu wa Matulo, ndugu zao wenyewe, majirani, na siku hizi hakuna mtu mwenye simu moja. Sebule ingekuwa mzinga.

"Baki bila hiyo kitu," alisema. "Kiplagat ataongea. Si ndiye msemaji? Wewe utatingisha kichwa."

Kiplagat alikuwa mdogo wake Kipketer, mtu asiyechoka kuzungumza hata akiwa peke yake shambani.

"Mambo ya ng'ombe aongee," Kipketer alisema. "Hata wakitoa mbuzi kilema, sijali. Mimi nataka kumsikia mtoto akijibu."

Jerono hakuhitaji kuuliza jibu gani. Katika koito, wazee wakishapatana, msichana huitwa, na mbele ya watu wote huulizwa kama anawajua wageni hawa na kama chakula chao kiliwe. Akikubali, mambo yameisha. Akinyamaza, watu huvaa makoti yao.

"Si umsikie Ijumaa akifika?" Jerono alisema. "Muite kando muongee."

"Akijua sasa nasikia, ataongea ya kunifurahisha. Hata asipojua, ataongea na mimi vile amezoea."

Jerono alimwelewa. Tangu utotoni Chelangat alikuwa na sauti ya chini. Walimu walimlalamikia kila muhula. Ila akizungumza na babake ilimbidi apayuke, shingo imemtoka mishipa, na sauti ya kupayuka huwa si ya mtu yeyote.

"Hiyo ya kupiga kelele naijua," Kipketer alisema. "Ile yake nilisikia mwisho akiwa mtoto. Sijui msichana wangu anaongea aje, Jerono. Watu wa Matulo wanajua. Mimi sijui."

Walifika langoni. Hapo Jerono alikuwa ameshapiga moyo konde. Angewatoa watu simu mikononi, hata kama ni kwa uongo.

*

Jumamosi Jerono alisimama langoni na ungo mkubwa mikononi. Alikuwa amefikiria kuutandika sinendet, ule mmea wa baraka, akaona hapana, Mungu naye anaangalia. Akautandika kitambaa cha meza.

Watu wa Matulo waliteremka kwenye magari yao wakiwa wamependeza, akina mama wa vitenge mbele, mzee Job akiwa na suti na bakora. Jerono akawasalimia, akawakaribisha, kisha akauinua ungo.

"Wakwe zetu, kwetu siku ya koito simu haziingii nyumbani," alisema. "Zinabaki hapa nje mpaka maneno yaishe."

Kiplagat, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akafungua mdomo. "Hii mila imetoka wa..." Jerono akarudi nyuma hatua moja na kumkanyaga kidole kwa kisigino.

"...wazee," Kiplagat akamalizia. "Imetoka kwa wazee kabisa."

Mzee Job aliutazama ungo, akatazama nyumba. "Na zamani, kabla simu hazijakuja, mlikuwa mnaacha nini?"

Swali hilo Jerono hakuwa amelitarajia. Lakini Kiplagat hakuwa mtu wa kuaibika kwa kukosa maneno.

"Mikuki," alisema.

Mzee Job akaitikia kwa kichwa polepole, kwa heshima kubwa. "Hiyo ni ukweli," alisema akiwageukia watu wake. "Simu ya siku hizi ndio mkuki. Mtu anaweza chomwa nayo na ako mbali. Hata sisi tuko na zetu, hatuwezi dharau ya wenzetu. Wekeni."

Naye akaitoa yake mfukoni, akaiweka kwenye ungo kwa mikono miwili. Wengine wakafuata. Vijana walizizima kwanza kwa uso wa kufiwa. Jerono akaupeleka ungo mpaka kwenye banda la ndama, akajiona mwongo na mshindi kwa wakati mmoja.

Ndani mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyothubutu kuomba. Kipketer aliketi katika kiti chake, marvin kichwani ingawa mabati yalikuwa yameanza kutoa joto, akamsikia kila mtu. Aliuliza hali ya mvua Matulo. Aliposikia mzee Job anapanda miwa, alimuuliza kama bado anaisubiri pesa ya miwa ya mwaka juzi, na chumba kizima kikacheka, Job mwenyewe akipangusa macho. Watu wa Matulo walianza kutazamana. Huyu ndiye yule mzee wa majivuno?

Nakhumicha alikuwa ameketi karibu na mlango, mwanamke mnene mwenye uso wa huruma, akigusagusa kifua chake kila mara. Kipketer, kwa furaha aliyokuwa nayo, alimwita aje akae kiti kilicho kando yake, mahali pa heshima. Nakhumicha akasitasita, kisha akaja.

Jerono aliona mabadiliko mara moja. Mumewe alikunja jicho moja. Akainamisha kichwa upande. Wakati huo Kiplagat, katika kutaja mahari, alikuwa amefika kwenye ng'ombe wa mjomba, akieleza kwa nini ng'ombe huyo lazima awe na pembe, na hakuna aliyekuwa akimwangalia Kipketer isipokuwa mkewe. Ghafla mzee akakaza meno, akashika ubao wa kiti.

"Kuna simu inaingia," alisema kwa sauti kubwa.

Kiplagat akanyamaza katikati ya pembe. Watu wakatazamana. Chumba hakikuwa na sauti hata ya nzi. Kisha, kutoka ndani ya kitenge cha Nakhumicha, wimbo wa injili ukaanza kulia.

Hakuna aliyecheka. Nakhumicha aliishika simu juu ya nguo kana kwamba angeweza kuinyonga, akaitoa, akaizima. Watu wa Matulo hawakumtazama yeye. Walikuwa wakimtazama Kipketer, na mama mmoja akasogeza kiti chake nyuma.

"Amejua kabla haijalia," mzee Job alisema taratibu. "Wenyewe mmeskia. Kabla."

Habari za wazee wa milimani wanaoona mambo kabla hayajatokea zilikuwa zimefika Matulo tangu zamani, na si kila mtu anayependa kuwa mkwe wa mzee wa aina hiyo. Kiplagat, ambaye hakujua lolote lakini alipenda sana jinsi siku ilivyokuwa ikienda, akakohoa.

"Faini yake ni kondoo," alisema.

Nakhumicha akasimama. Machozi yalikuwa yakimtoka mbele ya wakwe, mbele ya mwanawe Makokha aliyekuwa ameinama kwa aibu. "Mnisamehe," alisema. "Sikutaka kudharau. Msichana wangu mkubwa ako Lugulu, hospitali, tangu jana anangoja kuzaa. Nilisema nikiacha simu nje, na wapige... Nitaleta kondoo. Nitaleta hata leo." Akaanza kukunja magoti.

Jerono aliona uongo wake umeota mikono na miguu na sasa unampigisha magoti mama wa watu. Akamtazama mumewe. Kipketer angeweza kunyamaza tu. Angeogopwa, angepata kondoo, na hakuna ambaye angethubutu tena kuuliza chochote kuhusu damu yake.

Kipketer akamshika Nakhumicha mkono kabla goti halijafika chini.

"Mama Makokha, keti," alisema. "Hakuna kondoo. Hakuna mila."

Akavua marvin. Nywele zilikuwa zimelowa jasho. Akaingiza kidole nyuma ya sikio, akakitoa kile kifaa, akakiweka kwenye meza kati ya vikombe vya mursik, yale maziwa ya mgando, na watu wote wakakiinamia kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni.

"Mimi ni kiziwi," alisema. Kwa kuwa sasa hakujisikia mwenyewe, alilisema kwa nguvu, na hata waliokuwa jikoni walisikia. "Hii ndio inanisaidia. Na ikikaribia simu, inavuma, inakula maneno yote. Sioni mambo. Nilisikia tu hiyo kelele. Mama yake Chelangat alitunga hiyo maneno ya mila kunifichia aibu, na ndugu yangu hapa akaongeza chumvi."

"Mimi nilifikiri ni mila," Kiplagat alisema kwa unyonge.

Mzee Job hakutabasamu. Alimfanyia Kipketer ishara akirudishe kifaa sikioni, akangoja, kisha akauliza lile swali ambalo nyumba hiyo ilikuwa ikilikimbia tangu safari ya Bungoma. "Ni ya kuzaliwa nayo?"

"Ni kinu cha posho. Nimekaa na injini tangu nikiwa kijana. Baba yangu alikufa na anaskia panya shambani."

"Na kule kwetu, ulipokataa salamu yangu?"

"Sikusikia."

"Na ile Amina?"

"Niliona mtu amefungua macho, nikafikiri imeisha."

Mtu mmoja upande wa Matulo alipiga chafya ambayo ilikuwa kicheko. Lakini Job alisimama akashika bakora yake. "Mtupatie nafasi kidogo," alisema. "Tuongee nje."

*

Wageni walisimama karibu na uzio, kwenye jua, wakizungumza vichwa vikiwa pamoja. Jerono aliwatazama kupitia dirisha mpaka macho yakamuuma. Jikoni Chelangat alikuwa ameketi juu ya kigoda, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Alikuwa ameyasikia yote kupitia ukuta. Jerono akaenda kumshika bega, akarudi tena dirishani.

"Umekasirika?" Kipketer alimuuliza.

"Na nini?"

"Nimeharibu."

"Kama umeharibu, umeharibu vizuri," Jerono alisema, na akamfuta jasho la paji kwa pindo la leso yake, mbele ya Kiplagat na mbele ya majirani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Nakhumicha alionekana akijitenga na wenzake, akaenda mpaka nyuma ya banda la ng'ombe na simu sikioni. Alirudi akitikisa kichwa. Aliyepiga hakuwa mtu wa Lugulu. Alikuwa mtu wa vifaranga, akiuliza kama bado anavitaka. Lugulu walimwambia msichana anaendelea vizuri, wangoje. Alipopita kwenye banda la ndama, Jerono alimwona akisimama mbele ya ungo, akiutazama. Kisha akaiweka simu yake juu ya zile nyingine, akalainisha kitambaa, akaingia ndani kabla ya wazee wake.

"Wakipiga tena, watoto wenu hapo nje watanipigia kelele," alimwambia Jerono.

"Lakini hakuna mila, mama."

"Najua. Sasa iko."

Mzee Job akaingia na wengine nyuma yake. Hakuketi. Alisimama katikati ya chumba, akahakikisha yuko mbele ya Kipketer, uso kwa uso, na akasema kwa utulivu bila kupayuka.

"Mkwe, tumeongea. Kuna mmoja wetu aliuliza kuhusu watoto watakaozaliwa, sitakuficha. Mamake Makokha akamjibu. Alisema mtu amekubali kuaibika kwa nyumba yake ili mgeni asipige magoti, damu kama hiyo hata yeye anaitaka kwa wajukuu." Akagonga bakora sakafuni. "Halafu sisi tulikuja kuomba msichana. Hatukukuja kuomba masikio. Mwiteni."

Chelangat aliletwa na shangazi zake, akasimama katikati ya watu, macho yake yakiwa sakafuni. Kipketer alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti, marvin imekunjwa mkononi, sikio lake na kile kidude vikiwa wazi kwa kila mtu.

"Msichana," Job alisema, "wewe unatujua sisi?"

"Nawajua." Ilikuwa sauti ya chini, nzito kidogo, yenye mkwaruzo mwishoni, na hata Kiplagat aliyekuwa karibu aliinama kuisikia. "Nyinyi ni watu wangu. Na hawa pia ni watu wangu. Kuleni chakula."

Vigelegele vilikuwa vimeshafika kooni mwa akina mama, Kipketer alipoinua mkono.

"Sema tena," alisema.

Vigelegele vikafa. Jerono akafumba macho. Kumbe baada ya yote, mtamba na ungo na aibu, bado hakusikia. Nakhumicha akamwinamia Chelangat kwa huruma.

"Paza sauti, mama. Baba hajaskia."

"Hapana," Kipketer alisema. Machozi yalikuwa yakishuka mashavuni mwake na hakuwa akiyapangusa. "Asipaze. Nimesikia yote. Nataka tu kusikia tena."

Chelangat akainua macho, akamtazama babake, akarudia kwa sauti ile ile ya chini.